Vifaranga wa Bwana Posta

Mara ya kwanza Bwana Posta aliponisemesha, niliangusha mfuko wa viazi. Nilikuwa kituo cha basi, Rockville, upepo wa Machi unakata masikio, naongea kwa simu na dada yangu aliye Tanga. Nilikuwa namsengenya shemeji yetu, tena kwa raha zangu, maana nilijua pale kituoni hakuna anayenielewa. Pembeni yangu alisimama mzee mweusi, Mmarekani wa papa hapa, kofia ya sufu kichwani, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Alingoja nimalize simu. Kisha akainama kidogo akasema, "Shikamoo, bibi." Viazi vikatawanyika barabarani.

Sijui nilishtushwa zaidi na nini: kwamba umbea wangu wote aliusikia, au kwamba mtu wa umri wa baba yangu ameniamkia mimi, mwanamke wa miaka thelathini na nane. Kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, hilo halina mjadala. Nikamwambia pale pale, huku tunaokota viazi, kwamba asinifanyie hivyo, atanitia mkosi. Akasema anaijua kanuni hiyo, lakini mimi ndiye mwenye lugha, na yeye ni mwanafunzi. Nikamweleza tena, taratibu. Akashukuru sana kwa maelezo, na kesho yake akaniamkia vile vile. Miaka minane tuliishi hivyo, mimi nawahi kumwamkia kabla hajafungua kinywa, yeye anawahi kuniamkia mimi, tunashindana kama watoto wa shule.

Alikuwa amesambaza barua miaka thelathini na kitu, kwa miguu na kwa gari, ndiyo maana mtaani Waafrika wote tulimwita Bwana Posta. Kiswahili alijifunza ujanani, madarasa ya jioni katika ukumbi wa chini wa kanisa, enzi ambazo vijana weusi wengi wa huku walikuwa wanaitafuta lugha ya Afrika waifanye yao. Wenzake walibaki na maneno matano na majina ya Kiswahili ya watoto wao. Yeye alibaki na lugha nzima. Na mimi hakuwahi kunisemesha Kiingereza hata siku moja, hata siku nilipomsihi, nikiwa na homa na kichwa kinaniuma, aniambie kwa Kiingereza tu dawa inanywewa vipi. Alinieleza kwa Kiswahili, kwa sentensi ndefu zilizonyooka, mpaka nikapona kwa uchovu wa kumsikiliza.

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na kilikuwa kizuri kuliko changu. Binti yangu, ambaye nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, alikuwa anamwogopa kwa sababu hiyo. Bwana Posta akimuuliza habari za shule, mtoto anajibu kwa Kiingereza, mzee anaendelea kwa Kiswahili, mtoto kwa Kiingereza, wanakwenda hivyo nusu saa na hakuna anayekubali kushindwa. Mimi nakaa katikati nakunywa chai.

Saa za nyumbani kwake zote zilifuata majira ya Kiswahili. Saa ya ukutani jikoni, ya kitandani, hata ile ya kwenye jiko, zote alizirudisha nyuma saa sita, jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Siku moja fundi wa friji alipiga simu akasema atafika saa nne, kwa hesabu yao, yaani alasiri. Bwana Posta akamkalia dirishani tangu asubuhi, na fundi alipofika alasiri akapewa somo la adabu ya kutunza miadi. Nilikuwepo. Yule kijana aliomba radhi, na hadi anaondoka hakujua kosa lake.

Afrika hakuwahi kufika. Hili nililigundua baada ya miaka miwili, na nilikaa chini. Mtu aliyekuwa ananisimulia vichochoro vya Unguja, kipi kinatokea wapi, mlango gani una misumari ya shaba, hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda jimbo la jirani, kwa hofu. Aliniuliza mimi vilivyobaki. Tunavuna lini? Unyago unachezwaje? Mahindi yanahifadhiwaje yasiingiwe na wadudu? Nami nilimjibu. Nilichokijua nilimwambia, na nisichokijua pia nilimwambia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipojitia kitanzi. Mzee huyu mpole, anayengoja mtu amalize simu ndipo amsalimu, alikuwa hawezi kabisa kustahimili uongo. Rafiki yake wa miaka mingi alimwambia kwamba amesoma kitabu fulani, kumbe hajakisoma. Bwana Posta akamuuliza swali moja, akagundua, akamfungulia mlango atoke. Hakumrudisha tena. Alinisimulia kisa hicho bila hasira, kama mtu anayeeleza barabara imefungwa. Alisema kazini kwao mwiko mkubwa ulikuwa kufungua barua isiyo yako, na kwamba kusema uongo ni jambo la familia hiyo hiyo. Sikumwelewa vizuri, lakini niliitikia kwa kichwa na nikabadilisha mazungumzo.

Uwani kwake alifuga kuku saba, amewapa majina ya siku za wiki. Ijumaa alikuwa mkubwa wao, mwekundu, mzito, mtulivu. Alhamisi alikuwa shari tupu. Ungemsikia mzee dirishani akikemea, "Alhamisi, mwache Jumanne ale!" na ungedhani ameshikwa na wazimu. Mayai aliwagawia majirani. Nyama ya kuku hakuigusa, lakini pilau langu la kuku alilila mara tatu nyumbani kwangu bila neno. Nilipomuuliza akasema kuku wa pilau hakuwa amejuana naye.

Basi mwaka wa pili wa ujirani wetu, majira ya machipuko, akaniita nije nione. Mezani jikoni kulikuwa na sanduku la karatasi ngumu, lina matundu pembeni, lina anwani yake, na linalia. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji. Ndani mlikuwa na vifaranga sita, manyoya ya njano, wa siku mbili, wamesafiri kwa posta kutoka jimbo jingine kama viatu vilivyoagizwa. Hawana mama, hawana maji, hawana punje ya chakula. Nilimuuliza kama hiyo si dhambi. Akanieleza kwamba kifaranga akitotolewa anakuwa na kiini cha yai tumboni, na kiini hicho kinamlisha siku mbili tatu. Alisema amebeba masanduku kama yale miaka yote ya kazi yake, na siku za baridi kali alikuwa anayaweka ndani ya koti lake mwenyewe mpaka mlangoni kwa aliyeyaagiza. Nilimwamini. Ila mshtuko haukunitoka, na hata leo nikiona sanduku lenye matundu napita mbali.

Aliwapa majina ya saa: Saa Moja mpaka Saa Sita. Akawaweka kwenye chumba cha chini, ndani ya beseni kubwa la plastiki, chini ya taa ya joto. Wiki tano akawalea. Kisha jioni moja akaniita tena, akanikalisha mezani, akanimiminia chai, akashika kalamu na daftari, akauliza kwa ile sauti yake ya darasani, "Je, kwenu vifaranga huingizwaje katika kundi la kuku wakubwa?"

Ningesema sijui, dunia isingepasuka. Lakini alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa ananitazama kama daktari bingwa, mimi, fundi cherehani wa kupunguza suruali za watu, ambaye dukani naitwa kwa kidole. Hakuna mtu mwingine mji mzima aliyewahi kushika kalamu akingoja maneno yangu. Na mimi kuku niliwaona kwa bibi yangu, Muheza, wiki mbili kila likizo, wakipita uani na vifaranga nyuma. Nikaona hilo linatosha.

"Kwetu hatuna mambo mengi," nikamwambia. "Asubuhi unawafungulia tu, unawamwagia chakula pamoja. Kuku wanajuana wenyewe. Ukiwatenga ndiyo wanakuwa maadui." Hilo la maadui nililitunga pale pale, na nililipenda. Akaandika. Akapigia mstari.

Jumapili asubuhi tukaenda uwani, yeye, mimi na binti yangu. Alibeba vifaranga kwenye kikapu, akamwaga chakula katikati ya banda, akawaweka chini mmoja mmoja. Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi nilidhani nina akili. Wakubwa walisimama, shingo ndefu. Kisha Alhamisi akaja mbio, akamshika Saa Nne kichwani, akamtikisa kama tambara. Wengine wakafuata. Sikujua kuku wanaweza. Nilidhani kuku ni kuku. Hata Ijumaa, yule mpole, alikuwa anadonoa damu. Mzee alijitupa kwa magoti, mimi napiga kelele na kurusha kiatu, na binti yangu, kwa sauti ndogo sana, anasema, "Mama, they're killing them." Tulipata watatu wazima. Watatu tuliwaweka kwenye kikapu wakiwa hawana uso.

Lakini mshtuko wenyewe ulikuja baadaye, pale alipomaliza kuwazika nyuma ya ua, akanawa mikono, akanigeukia na kusema, "Nisamehe. Bila shaka sikufuata vizuri ulivyoniagiza. Ni wapi nilipokosea?"

Hapo mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Nami nikasema, "Labda chakula kilikuwa kidogo."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilimwendea jirani yangu wa mlango wa pili, mama Mkongo wa kutoka Bukavu, aliyefuga kuku kweli kweli kabla vita havijamwondoa, nikamsimulia kana kwamba ushauri ule alitoa mtu mwingine. Aliweka mkono mdomoni. "Dada, kwetu batoto ya kuku iko na mama yao," akasema. "Ukizigusa, mama anakupiga. Ile ya huyu muzee ilitoka mu carton. Donc, basi, nani atazitetea?"

Nikaona giza. Pale Muheza kila kifaranga niliyemwona alikuwa nyuma ya mama yake, mabawa yamepanuliwa, tayari kumtoa mtu jicho. Nilimkumbuka kila mnyama wa uani kwa bibi isipokuwa yule aliyekuwa anafanya kazi yote.

Tangu siku hiyo nikasoma. Kwenye basi, asubuhi na jioni, simu mkononi, kuku, kuku, kuku. Yule mama Mkongo nikamuuliza mpaka akaanza kujificha. Kisha nikarudi kwa Bwana Posta na kumwambia kwamba nimekumbuka mambo zaidi ya bibi yangu. Tukaligawa banda kwa wavu, wale watatu upande mmoja, wakubwa upande wa pili, wanaonana bila kugusana, wiki nne nzima. Tukaweka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbali mbali, ili mnyonge asilazimike kupita kwa mbabe. Tulipoondoa wavu tulikuwa tumewatengenezea kitundu ukutani, kinachomtosha mdogo na kumzuia mkubwa, na uwani tukatupa matawi na ndoo zilizolala ubavu wapate pa kukimbilia. Nilimfundisha asiingilie kila wanapodonoana, aingilie ikionekana damu tu. Walidonolewa, walikimbizwa, na mwezi wa Agosti Saa Moja alikuwa analala bega kwa bega na Jumanne.

Ilifanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipokomaa. Bwana Posta alimwambia kila mtu. Wafugaji wa mitaa ya jirani, wanaonunua kuku kwa ajili ya mayai na burudani, wakaanza kunipigia simu. Mwanamke mmoja kutoka Landover alinijia dukani na picha za banda lake. Waliniita Mama Kuku. Mzee akawa ananitambulisha kwa Kiingereza, lugha ambayo mimi mwenyewe alininyima, kwamba huyu ametoka katika ukoo wa wafugaji, elimu yake ni ya vizazi. Na mimi nasimama pale, kitenge kimekaa vizuri, natabasamu. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kila mara, hilo nashukuru. Lakini kila aliponisifu nilihesabu wale watatu wa nyuma ya ua, na nilimkumbuka rafiki yake wa kitabu.

Nilijaribu kumwambia. Mara moja nilifika mpaka nusu ya sentensi, akaja mtu wa gesi. Mara nyingine nilikuwa na ujasiri wote, nikamkuta anamsomea binti yangu mafumbo, na binti yangu, kwa mara ya kwanza, anamjibu kwa Kiswahili. Nikaona nisiharibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga. Kumpoteza mzee yule kungenirudisha kuwa mwanamke anayeitwa kwa kidole, na nilijua hivyo.

Mwaka juzi alianguka ngazi za chumba cha chini akavunjika nyonga. Binti yake akaja akamchukua, akaenda kuishi naye Springfield, ng'ambo ya mto, Virginia. Kuku tuliwagawa. Nilimpigia simu kila Ijumaa. Kisha, vuli iliyopita, nikapata barua. Barua kamili, yenye stempu, kwa mwandiko wake uliokuwa umeanza kuyumba. Aliandika kwamba anataka kuwaachia wajukuu zake kitu, na ameamua kuandika maisha ya mtu mmoja wa Uswahilini kama alivyoyasikia kwake mwenyewe. Ananiomba nije nimweleze nilivyokulia katikati ya kuku wa bibi yangu, tangu mwanzo, bila kuacha kitu.

Niliisoma nimesimama mlangoni, na koti sijavua. Kumdanganya mtu mzima aliyeniuliza mezani ni jambo moja. Kuwadanganya wajukuu zake, watoto ambao siku moja wataisoma karatasi ile na kudhani wameijua Afrika, hilo lilinishinda.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti chenye mikono, blanketi magotini, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mbele yake palikuwa na meza ndogo na karatasi yenye maswali yaliyopangwa kwa namba. Binti yake akatuletea chai akatuachia nafasi. Sikungoja anisalimu, wala sikungoja swali la kwanza.

"Mzee, mimi sikujua chochote kuhusu kuku," nikasema. "Siku ile mezani nilikudanganya. Wale watatu niliwaua mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kufunguliwa mlango. Mfuko wangu nilikuwa sijauweka chini. Yeye akachukua kikombe, akanywa, akakirudisha.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu ulipojibu. Nilikuwa na vitabu viwili, nimekwisha kuvisoma. Vyote vilisema watauawa."

Nimesema nimeshtuka mara nyingi katika nchi hii. Zote zile zilikuwa mchezo. Nilimtazama mtu huyu aliyewabeba vifaranga wa watu ndani ya koti lake, na ambaye asubuhi ile aliwaweka wa kwake chini mmoja mmoja, akijua. Nikasahau umri wake, nikasahau nyonga yake, nikamuuliza kwa ukali kama aliwatoa sadaka wale viumbe ili mimi nisiaibike.

Nje gari la taka lilipita na kusimama, likapita na kusimama.

"La, si kwa ajili yako," akasema. "Nilikuwa nimengoja miaka hamsini nipate mtu wa kumuuliza. Nilitaka sana uwe unajua."

Nilikaa chini hatimaye, mfuko mapajani. Nililia kidogo, na sikujua nawalilia vifaranga, au namlilia yeye, au ile miaka sita ya kuogopa mlango ambao hakuwahi kunifungulia nitoke. Naye alilia, kwa namna ya wazee, machozi bila sauti. Nikamwambia basi tumewaua sisi sote wawili, mimi kwa kiburi na yeye kwa heshima, akakubali kwa kichwa. Hakuniomba msamaha wala sikumwomba.

Kisha akaitazama ile karatasi yake. Miaka minane alikuwa ameniuliza mavuno, unyago, maghala ya mahindi na kuku. Akaisoma taratibu swali kwa swali, mpaka la mwisho. Akaigeuza upande usioandikwa kitu, akatafuta kalamu kwenye mikunjo ya blanketi.

"Basi," akasema, "ulikulia wapi?"

"Tanga mjini, ghorofa ya tatu," nikamwambia. "Juu ya duka la vipuri vya pikipiki."